Mgodi mkubwa au mwenye karasha: kazi ipi humwacha mkandarasi na fedha mkononi?

Na Mwandishi Wetu, Kahama

WENYE malori, mafundi wa kuchomelea na wauza vyakula wa Kahama, Geita na Katoro wana swali moja ambalo haliishi vijiweni: ni nani bora kufanya naye kazi, kampuni kubwa ambayo hisa zake zinauzwa New York, au mwenye karasha wa Nyarugusu anayehesabu noti juu ya boneti ya gari? Safu hii imeamua kulichukua swali hilo na kulipigia hesabu, maana mengi yanayosemwa juu yake ni majigambo ya waliopata na manung'uniko ya waliokosa.

Sababu ya kulileta sasa ni mbili. Ya kwanza ni bei. Dhahabu iliyokuwa karibu dola 252 kwa wakia katikati ya mwaka 1999, wakati mgodi wa Geita ukijengwa, ilivuka dola 4,000 mwezi Oktoba 2025. Bei ya namna hiyo huamsha kila shimo, la mkubwa na la mdogo. Ya pili ni kwamba mteja mwingine mkubwa yuko njiani: uamuzi wa kujenga mgodi wa Nyanzaga, wilayani Sengerema, ulitangazwa mwaka 2025 na kampuni ya Perseus ya Australia. Wenye mitambo wa Geita tayari wanaukodolea macho, na wengine wanataka kukopa ili wanunue magari kabla hata ya kuona zabuni.

Mwekezaji mdogo wa Kanda ya Ziwa hana njia nyingi za kugusa dhahabu ya wakubwa. Wakati mmoja iliwezekana kununua hisa: African Barrick Gold, iliyokuja kuitwa Acacia mwaka 2014, iliorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011. Mlango huo ulifungwa mwaka 2019 Barrick iliponunua hisa zote zilizobaki. Kwa hiyo kwa mtu wa Shinyanga mwenye milioni zake chache, kushiriki katika mgodi maana yake ni kandarasi: kusomba mawe, kupeleka nyanya, kushona sare, kujenga uzio, kufagia ofisi.

Wakubwa ni akina nani

Bulyanhulu, katika Halmashauri ya Msalala, ulianza uzalishaji mwaka 2001. Geita ulifunguliwa mwaka 2000. Buzwagi, ambao ulikuwa karibu uani kwa watu wa mjini Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Mwadui, wenye almasi, ni mkongwe wa wote, tangu 1940.

Lakini msomaji asidhani kwamba mwenye tipa mbili wa Kahama husaini mkataba na mgodi wenyewe. Mara nyingi sivyo. Kazi kubwa za kuchoronga miamba na kuchimba chini ya ardhi hupewa makampuni makubwa ya kandarasi yanayozunguka Afrika nzima. Geita, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa na Capital Drilling katika uchorongaji. Chini ya hao huja kampuni za kati, nyingi zikiwa za Kitanzania. Chini ya kampuni za kati ndipo alipo mtu wetu wa tipa mbili. Yeye hujitambulisha mtaani kuwa anafanya kazi na mgodi, na shati lake lina mistari inayong'aa, lakini kwenye hati ya malipo mgodi haumjui.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, na nitalirudia mbele.

Sheria kwa upande wake imekuwa ikijaribu kumvuta mzawa karibu na meza. Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania katika sekta ya madini, zilizotoka Januari 2018 baada ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017, zilisema kwamba zabuni isitolewe kwa kuangalia bei ya chini peke yake. Kampuni ya wazawa yenye sifa, ikiwa bei yake haizidi ile ya chini kabisa kwa zaidi ya asilimia 10, ndiyo ipewe kazi. Hapo mwanzo kampuni ilihesabiwa kuwa ya wazawa ikiwa Watanzania wana angalau asilimia 51 ya hisa; marekebisho ya mwaka 2019 yalishusha kiwango hicho hadi asilimia 20. Waliolipenda badiliko hilo walisema mitaji ya wazawa haifikii nusu ya kampuni ya mitambo mikubwa. Wasiolipenda walisema asilimia 20 inatosha kuajiri jina la mtu na saini yake. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikuwa na hoja, ila yule wa tipa mbili hakuguswa na ubishi huo hata kidogo. Shida yake haikuwa kupata kazi. Shida yake ni siku inayopita kati ya kazi na malipo.

Hesabu ya siku sitini

Tuchukue mfano. Tarakimu ni za kuelekeza tu, kila mtu aweke zake. Mkandarasi anasomba mawe na udongo kwa Sh. milioni 50 kwa mwezi, kabla ya VAT. Gharama zake kwa mwezi ni dizeli milioni 20, mishahara milioni 7, matairi na vipuri milioni 8, na rejesho la mkopo wa magari milioni 6. Jumla milioni 41. Kwenye karatasi anabaki na milioni 9 kila mwezi, na hapo ndipo watu husimama na kuanza kuchagua mabati ya nyumba.

Malipo ni siku 60 baada ya ankara. Kazi ya Januari inapelekewa ankara Januari 31, na fedha zinaingia Aprili mosi. Kabla ya shilingi ya kwanza kuonekana, mkandarasi amekwisha kulipa gharama za Januari, Februari na Machi: milioni 123.

Sasa inakuja VAT. Kwa asilimia 18, ankara yake ya milioni 50 inabeba VAT ya milioni 9. Kodi hiyo haisubiri mteja alipe. Ukishatoa ankara, umekwisha kuwa na deni TRA, na ritani yake inatakiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mfanyabiashara wa duka hukata VAT aliyolipa kwenye manunuzi yake, akabaki na kidogo cha kupeleka. Mwenye magari hana bahati hiyo. Dizeli imesamehewa VAT, mishahara haina VAT, rejesho la benki halina. Kinachobaki ni matairi na vipuri: milioni 8 zilizobeba VAT ya milioni 1.44. Kwa hiyo anapeleka TRA milioni 7.56 mnamo Februari 20, na nyingine milioni 7.56 mnamo Machi 20, kwa kazi ambayo hajalipwa hata senti. Ongeza na ile milioni 1.44 aliyowalipa wauza matairi kwa kila mmoja wa miezi mitatu.

Jumlisha yote: milioni 123, na milioni 15.12, na milioni 4.32. Ni Sh. milioni 142.44 zilizotoka kabla ya Aprili mosi. Na siku hiyo ikifika, mteja hatoi milioni 59 kamili. Anazuia asilimia 5 ya ada ya huduma kama kodi ya zuio, yaani milioni 2.5, anazozipeleka TRA kwa jina la mkandarasi. Fedha hizo hazijapotea, zitahesabiwa kwenye kodi ya mapato ya mwaka, lakini haziwezi kununua tairi mwezi wa nne. Halmashauri nayo inasubiri ushuru wake wa huduma.

Kwa maneno mengine, kazi ya milioni 50 kwa mwezi inadai mtaji unaokaribia mara tatu yake. Aliyeukopa kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka analipa riba ya zaidi ya milioni 2 kwa mwezi. Ile faida ya milioni 9 sasa ni pungufu ya 7. Na hapo bado ankara haijarudishwa hata mara moja.

Maana ankara hurudishwa. Namba ya LPO imekosewa tarakimu moja. Hati ya saa za kazi haina saini ya msimamizi wa zamu ambaye yuko likizo. Risiti ya EFD ina tarehe tofauti na ankara. Kila kosa linaanzisha upya hesabu ya siku 60. Mkandarasi mwenye karani makini anapata fedha nyingi zaidi kwa mwaka kuliko mwenye dereva makini, ingawa sijaona mtu anayewalipa sawa.

Kuingia getini nako kuna bei yake, na haimo katika mfano huo. Usajili wa BRELA, namba ya mlipakodi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi kwa kazi za ujenzi na daraja linalolingana na kazi, OSHA, mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, NSSF. Kisha vipimo vya afya vya madereva, mafunzo ya usalama, viatu na kofia, taa ya kuzunguka juu ya gari, king'ora cha kurudi nyuma. Gari linakataliwa kwa ufa wa kioo. Dereva anapulizishwa kipimo cha pombe alfajiri na akikutwa nayo gari linalala siku hiyo. Mkandarasi mpya anayaona haya kuwa usumbufu. Lakini mtu akishayazoea, magari yake hudumu, na sikumbuki mwenye magari wa migodini aliyejutia matengenezo aliyolazimishwa.

Upande wa mwenye karasha

Sasa tuvuke barabara. Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, Katoro: huku mteja ni mwenye leseni ndogo, mwenye karasha, au mwenye matangi ya kuchenjulia ambaye ananunua marudio kutoka mialoni na kuyapitisha upya. Kati ya hawa na wakubwa wapo pia wa kati, kama Buckreef huko Rwamgasa, ambako STAMICO ina asilimia 45 na TRX Gold asilimia 55. Huyo ana taratibu za kampuni kubwa lakini umbo dogo, na kwa wakandarasi wengi ni shule nzuri.

Mwenye matangi hana idara ya manunuzi. Yeye mwenyewe ndiye meneja, mhasibu na mlinzi. Mkataba unafungwa kwa simu au chini ya mwembe, bei ni kwa tripu, na nusu ya fedha inatolewa siku hiyohiyo kwa sababu bila dizeli gari haliondoki. Nusu nyingine husubiri dhahabu itoke.

Tupige hesabu yake pia. Magari yaleyale yanaingiza milioni 38 kwa mwezi, kwa kuwa bei ya tripu ni ndogo na umbali ni mfupi. Gharama: dizeli milioni 15, mishahara 5, vipuri 6, rejesho 6, jumla milioni 32. Faida milioni 6. Nusu ya mapato, milioni 19, inaingia palepale. Mtaji wa kuendesha kazi hii haufiki hata ule wa mwezi mmoja wa gharama.

Tuseme sasa katika mwaka kuna mwezi mmoja ambao nusu ya pili hailipwi kabisa, kwa sababu marudio yaligeuka kuwa mchanga mtupu, au mwenye matangi amehama usiku. Faida ya mwaka ni milioni 72, toa 19, inabaki 53. Kwa kampuni kubwa: milioni 108, toa riba ya kama milioni 25, inabaki 83. Aliyefanya kazi na mkubwa ana fedha nyingi zaidi. Lakini yeye alihitaji milioni 142 kuzipata, na mwenzake alihitaji milioni 32. Shilingi moja ya Katoro imefanya kazi kama mara tatu ya shilingi ya getini. Nilipofundishwa chuoni kupima biashara kwa faida juu ya mtaji, mfano ulikuwa wa kiwanda cha sabuni. Ningeelewa haraka zaidi kwa mfano wa tipa.

Kwa nini basi watu wote hawahamii kwa wadogo? Kwa sababu kazi yao haina mwaka. Mwamba unakatika, maji yanajaa maduara masika, mgogoro wa leseni unafunga eneo, au habari zinafika kwamba kuna mfumuko mpya kilomita 80 mbali na watu wote wanahama wakiwa na makarasha yao. Kama katika ule mfano kazi imedumu miezi minane tu, faida ni milioni 48. Toa milioni 19 zilizopotea, inabaki 29. Lakini benki inataka milioni 6 katika kila mmoja wa miezi minne ya kukaa bure, yaani milioni 24. Mwaka mzima wa kazi umemwachia mwenye magari milioni 5 na matairi yaliyoisha. Mtu ambaye magari yake ni ya deni hapaswi kutegemea wadogo peke yao. Ambaye magari ni yake anaweza kulala.

Kuna na lile ambalo halizungumzwi kwa sauti. Milioni 38 kwa mwezi ni zaidi ya milioni 450 kwa mwaka, na kiwango cha kulazimika kujisajili VAT, ambacho kilipandishwa mwaka 2023 kutoka milioni 100 hadi milioni 200, kimevukwa mbali. Mwenye karasha hataki kusikia asilimia 18 juu ya bei, kwa kuwa wengi wao hawajasajiliwa na hawana pa kuirudishia. Mkandarasi anakubali kufanya kazi bila risiti. Miaka miwili baadaye anaomba zabuni mgodini, anatakiwa kuonyesha cheti cha kutodaiwa kodi, na historia yake yote inaanza kuulizwa. Anayefikiria kwamba siku moja atapanda kwenda kwa wakubwa aanze kutunza vitabu akiwa bado kwa wadogo.

Jambo moja limebadilika kwa manufaa ya anayemdai mwenye dhahabu. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, likifuatiwa na mengine, dhahabu inapimwa na kuuzwa mahali panapojulikana na mauzo yanaandikwa. Zamani mdaiwa aliweza kuapa kwamba hakupata kitu. Siku hizi mkandarasi mjanja anaandika katika makubaliano yake kwamba nusu ya pili italipwa siku ya mauzo sokoni, na anakwenda naye. Asikubali kulipwa dhahabu yenyewe kama hana leseni ya kuinunua. Akikutwa nayo njiani, kesi ni yake na si ya aliyempa.

Mkubwa naye huanguka

Imani ya wengi ni kwamba mkubwa anaweza kuchelewa lakini hawezi kukosa. Historia ya eneo hili haiungi mkono imani hiyo moja kwa moja.

Mwaka 1999, Geita ukiwa bado eneo la ujenzi, mmiliki wake alikuwa Ashanti Goldfields ya Ghana, fahari ya Afrika nzima katika soko la hisa la New York. Ashanti ilikuwa imefunga mikataba ya kuuza dhahabu ya mbele kwa bei zilizopangwa, ikihofia bei kushuka. Mwishoni mwa Septemba 1999 benki kuu za Ulaya zilitangaza kupunguza mauzo ya akiba zao, na bei ikapaa kwa siku chache hadi kupita dola 320. Kwa mchimba dhahabu hiyo ingekuwa sherehe. Kwa Ashanti ilikuwa balaa, kwa sababu mabenki yaliyoshika mikataba yake yalitaka dhamana ambayo haikuwa nayo. Mwaka uliofuata nusu ya Geita iliuzwa kwa AngloGold ili kampuni ipumue, na mwaka 2004 kampuni hizo mbili ziliungana. Mgodi haukusimama. Lakini anayesema kwamba bei ya dhahabu ikipanda kampuni kubwa haiwezi kuyumba, hiyo ndiyo habari ya kumsimulia.

La pili linakumbukwa na kila mtu wa Kahama. Machi 2017 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa makinikia nje ya nchi. Bulyanhulu na Buzwagi ndiyo iliyouza makinikia. Hadi Septemba mwaka huo Acacia ilikuwa imetangaza kupunguza sana shughuli za Bulyanhulu, na uchimbaji wa chini ya ardhi ulirejea tu mwishoni mwa 2020, baada ya Barrick na serikali kufikia makubaliano na kuunda Twiga, ambayo serikali ina asilimia 16. Ni miaka mitatu. Msimamo wa nani alikuwa sahihi katika mzozo ule ni suala la ukurasa mwingine. Ukurasa huu unauliza ni nani mwenye mkopo wa miezi 36 aliyeweza kusubiri miezi 36.

Buzwagi ilikuwa tofauti. Kufungwa kwake kulijulikana mapema, uchimbaji ukikoma kabla na mtambo ukiendelea kula akiba ya mawe hadi 2021. Aliyesoma dalili alikuwa na muda wa kuuza mitambo au kuipeleka kwingine. Tulawaka, kule Biharamulo, ilidumu chini ya wakubwa miaka minane tu, 2005 hadi 2013, kabla ya kuchukuliwa na STAMICO. Swali la umri uliobaki wa mgodi linastahili kuulizwa kabla ya kusaini mkopo wa gari jipya, na jibu lake huchapishwa katika taarifa za mwaka za kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Ni kurasa chache, mtu akose Kiingereza amtafute mwanafunzi amsomee.

Utalipwa nikilipwa

Nilisema nitarudi kwa yule wa katikati. Mjomba wangu ana Fuso mbili, na mwaka 2013, nikiwa kidato cha pili, alipata kazi kwa kampuni moja ya kati iliyokuwa na mkataba mgodini. Familia nzima ilifurahi. Mkataba ulikuwa wa kurasa sita, na kwenye ukurasa wa nne kulikuwa na kifungu kisemacho kwamba malipo yatafanyika baada ya kampuni hiyo kulipwa na mteja wake. Hakukuwa na siku zilizotajwa.

Kwa miezi miwili ililipa vizuri. Mwezi wa tatu kimya. Mjomba alikwenda ofisini kwao mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alianza kumwita shemeji. Jibu lilikuwa lilelile, mgodi haujalipa. Kupitia kijana mmoja wa hesabu alikuja kugundua kwamba mgodi ulikwisha kulipa zamani, na fedha zilikuwa zimeingia katika ununuzi wa ekskaveta ya kampuni. Fuso moja ilichukuliwa na benki Oktoba mwaka ule. Ada yangu ya muhula wa mwisho ilitokana na ng'ombe wawili wa bibi, waliouzwa mnadani.

Kwa hiyo nikiulizwa hatari kubwa iko wapi, sitaji mgodi wala mwenye karasha. Nataja kampuni ya kati isiyo na mtaji wake, inayoendesha biashara kwa fedha za walio chini yake. Kwa mgodi mtu hukopesha kampuni yenye hesabu zilizokaguliwa. Kwa mwenye karasha hukopesha mtu anayemwona kila siku. Katikati unamkopesha usiyemjua kwa sababu ya jina la mwingine lililobandikwa kwenye lango.

Kifungu hicho cha utalipwa nikilipwa si lazima kikubaliwe. Kinaweza kuwekewa mwisho: tutalipwa ukilipwa, lakini kwa vyovyote si zaidi ya siku 60. Kampuni inayokataa nyongeza hiyo ya maneno machache imekwisha kueleza mipango yake. Vilevile inawezekana kuomba nakala ya barua ya mgodi inayothibitisha kwamba mkandarasi mdogo anatambuliwa katika kazi hiyo. Wachache huomba, na wachache hupewa, lakini aliye nayo ana pa kupeleka malalamiko.

Dizeli na dola

Vitu viwili vimewaua wakandarasi wengi ambao walilipwa kwa wakati. Cha kwanza ni dizeli. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei zilipanda kiasi cha serikali kuweka ruzuku ya Sh. bilioni 100 mwezi Juni. Katika ule mfano wa milioni 20 za dizeli, ongezeko la asilimia 20 ni milioni 4. Faida ya 9 imebaki 5 na riba haijaguswa. Mkataba wa mwaka mmoja wenye bei moja isiyoguswa ni kamari juu ya bei ya mafuta duniani, na mchezaji wake hana karata.

Migodi mikubwa huwa na utaratibu wa kurekebisha bei kwa kufuata mafuta, au hutoa dizeli yenyewe na kulipia kazi tu. Hii ya pili ni nafuu kubwa hata kama bei ya kazi inaonekana ndogo. Ondoa milioni 20 za dizeli katika ule mfano na mahitaji ya mtaji yanashuka karibu nusu. Wakandarasi wengi huikataa kwa kuwa tarakimu ya ankara inakuwa ndogo na hawapendi kuonekana wadogo. Mwenye karasha naye, bila kujua, hufanya kitu hichohicho anapotoa fedha ya dizeli asubuhi.

Cha pili ni dola. Kanuni za Machi 2025 zilipiga marufuku kutaja na kudai bei kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani. Ni sawa, lakini vipuri vya ekskaveta bado vinatoka nje, na anayeviuza Mwanza hupandisha bei ya shilingi pale dola inapopanda. Aliyekuwa na mkataba wa dola alikuwa na kinga hiyo bila kuiomba. Sasa inabidi iandikwe: bei itaangaliwa upya kila miezi mitatu au sita, kwa kufuata bei ya vipuri vilivyotajwa.

Kwa wenye LPO halali ya mteja anayeaminika, CRDB na NMB hukopesha juu ya LPO au ankara. Gharama yake iingizwe kwenye bei ya zabuni tangu mwanzo. Anayeandika bei kana kwamba atalipwa kesho, kisha akaenda benki kukopa juu ya ankara hiyo, amempa mteja punguzo ambalo hakuombwa.

Mjomba bado yuko kwenye biashara. Alinunua Fuso nyingine mwaka 2019, safari hii bila mkopo, baada ya kuuza kiwanja. Mwezi uliopita nilimkuta chini ya gari, nikamweleza habari za Nyanzaga na nikamwuliza kama ataomba kazi huko. Alitaka kujua kwanza nani atakuwa anasaini ankara, na dizeli ni ya nani. Fuso ya zamani iko Katoro, inabeba marudio. Ile mpya iko chini ya kampuni nyingine ya kati, kwa siku 30, na safari hii ukurasa wa nne aliusoma yeye mwenyewe, akauchora kwa kalamu nyekundu, akaurudisha mara mbili kabla ya kusaini.